Nilimfuata Doto, Nikapewa Kulwa

Admin, jina langu lifiche. Mimi ni bibi wa miaka sitini na kitu, hicho kitu alikijua marehemu mama yangu. Shule niliishia darasa la pili, lakini haya naandika kwa kidole changu mwenyewe, asitokee mtu kusema nimeandikiwa. Mimi na marehemu mume wangu tulitoka Usukumani na ng'ombe tukahamia huku Usangu, tukalima mpunga, tukasomesha. Huyo mwanangu tuliyemsomesha kwa ng'ombe ndiye ananiliza leo. Anakaa Mbeya mjini, mtaa wa Soweto, yeye na mke wake, wote watu wa ofisini, wote wakiongea na mimi wanaongea polepole kama mimi ndiye mtoto.

Wana mapacha wa kiume, miaka tisa. Niwaite Kulwa na Doto, mapacha wa kwetu karibu wote wanaitwa hivyo, hamtanijua kwa hilo. Wanafanana mpaka baba yao huwa anaita majina yote mawili halafu anasubiri nani ataitika.

Kuna mtu anajiita daktari, ana kliniki yake hapo mjini. Aliwaambia ana sindano ya kila wiki ya kuongeza akili ya mtoto, na kwamba kwao itakuwa bure kwa sababu wana mapacha. Mmoja achomwe, mwingine aachwe hivyo hivyo, ili wazazi wengine wakija waone tofauti kwa macho yao. Wakakubali. Watu wenye vyeti ukutani, wakasaini. Akachaguliwa Kulwa kwa kuwa ndiye alitangulia kutoka. Akafungwa kamba ya plastiki mkononi, kama mgonjwa aliyelazwa, wasije wakamchoma asiyehusika.

Dawa ilifanya kazi, sisemi uongo. Likizo ilipoanza nilienda kuwaona baada ya muda mrefu, nikakuta Kulwa amekuwa wa kwanza shule nzima, anatolewa sebuleni mbele ya wageni kama redio mpya.

Mwanangu akaniambia, "Mama, muulize swali lolote."

"Nimuulize nini, na mimi nitajuaje kama amepatia?"

Wageni wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia mikono. Mtoto anakunywa chai, kikombe kinagonga meno. Macho mekundu ya mtu asiyelala. Nikauliza mbona anatetemeka hivi.

"Ubongo unakua, mama."

"Wa kwako ulikua bila kugonga kikombe. Labda ndiyo maana uliishia njiani."

Hapo Doto akaingia kutoa vyombo. Mgeni mmoja akauliza, na huyu je? Mama yao, mwanamke aliyewabeba tumboni wote wawili, akajibu huku anatabasamu, "Huyo ni wa kulinganishia." Mtoto kasimama na sahani mkononi, anasikia. Baadaye nikagundua ndilo jina lake mle ndani. Kulwa anakula mayai, wa kulinganishia anakula kilichobaki.

Nikasema nipeni huyu nikae naye likizo hii. Mwanangu akasema, "Mchukue tu, huyo hana ratiba." Asubuhi nikamkuta mlangoni amevaa sweta, kofia imefunika hadi macho, baridi ya Mbeya mnaijua. Mkononi hana kamba. Kwenye basi alilala njia nzima.

Tulipofika nikamvua viatu nimwoshe miguu. Nikakuta kovu la kuungua uji. Kovu lile nalijua, nililipaka asali mimi mwenyewe akiwa mdogo. Ni la Kulwa.

"Wewe ni Kulwa."

"Ndiyo, Bibi." Wala hakushtuka.

"Kamba iko wapi?"

"Niliitoa kwa sabuni. Nimemvalisha Doto."

"Ulimwambia nini mwenzako mpaka akakubali?"

"Kwamba akiivaa, baba atambeba."

"Na sindano?"

"Nilimwambia inauma mara ya kwanza tu."

"Ni kweli?"

"Hapana."

Nilitaka kumchapa. Akaniangalia kwa utulivu kabisa, akasema, "Bibi, usihangaike. Wao wanataka mmoja. Wanaye mmoja."

Wiki nzima nilijishauri, kisha nikashika simu nimpigie baba yake. Akasema tena, "Ukiwaambia watakuja kunichukua, na Doto hawatamwacha kwa sababu ameshaanza. Watatuchoma wote." Sijui kama ananiambia ukweli au ananizungusha kama alivyomzungusha ndugu yake. Mimi sijawahi kuzidiwa maneno na mtu, hata madalali wa mpunga wananikimbia.

Nikapiga, lakini nikaomba kuongea na "Kulwa". Nikamwambia taratibu, Doto, mimi bibi yako najua ni wewe. Akanong'ona, "Bibi, usiwaambie. Baba alinibeba mpaka getini. Jana nimejibu maswali ya wageni, wakanipigia makofi. Sasa hivi mimi siyo wa kulinganishia." Kisha akanywa kitu, nikasikia kikombe kinagonga meno.

Huyu wa kwangu sasa mikono imetulia. Analala, anakunywa maziwa mgando, anakimbizana na ndama. Nimemwita Doto kumpima, akaitika papo hapo.

Wa kunituma polisi, nyamazeni kwanza. Aliyesaini ni mwanangu wa kumzaa, nikimpeleka mimi nani atawalea hawa? Na wa kunitukana kwamba bibi gani hawajui wajukuu wake, kamtukaneni kwanza mama anayemtambua mwanawe kwa kamba.

Wiki ijayo shule zinafunguliwa, baba yao anakuja kumchukua "Doto". Nikisema, huyu anarudi kwenye sindano. Nikinyamaza, yule anabaki nayo, na ameshaipenda. Nyinyi mliosoma nishaurini, niseme au ninyamaze? Mimi mara hii sina jibu. Mwenye jibu ana miaka tisa, yuko hapo nje anachunga ndama, na simwamini.