Kitabu Kilichoshonwa Ndani Nje

Mtaani walimwita Bi Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Alishona nguo za watu tangu ujanani, na hapakuwa na kilichochanika kikamshinda, isipokuwa kimoja: mjukuu wake wa kike wa darasa la tatu alikuwa amekichukia kitabu. Herufi alizijua. Ila siku moja alisoma polepole darasani, wenzake wakamcheka, na tangu hapo akiona kitabu anakikwepa kama paka na maji.

Kwa hiyo mkutubi wa maktaba ya mtaa alipomwomba aje Jumamosi kuwasaidia watoto kutengeneza kitabu chao, Bi Sindano alikubali kabla ombi halijaisha. Akaja na cherehani ya mkono, mfuko wa viraka, na mjukuu aliyenuna.

Hadithi ilikuwa ya jogoo. Mkutubi alimnong'oneza kila mtoto kipande chake, asijue cha mwenzake, naye akakiandika na kukichora kwenye karatasi moja. Mjukuu alichora jogoo tu, bila neno. Kisha karatasi zikafika kwa fundi, naye akashona huku akipiga soga.

Mkono uliozoea hauulizi. Nguo hushonwa uso kwa uso, upande mzuri ukiwa ndani, kisha hupinduliwa. Basi Bi Sindano akazilaza karatasi mbili mbili, uso kwa uso, akazipiga mshono kingo zote, akazifunga pamoja ndani ya jalada la kitambaa cha maua. Kazi safi! Mkutubi akakifungua kitabu. Kurasa nyeupe, tupu.

"Hadithi yetu iko wapi?"

"Bibi kaimeza!"

Bi Sindano akajipiga kipaji cha uso. "Jamani, nimeshona suruali! Na karatasi haipinduliki."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akakivuta kitabu apasue.

"Weee, utachana!" Mjukuu alikuwa keshasimama. "Bibi, nipe kidude cha kufumulia."

Hiyo ilikuwa kazi yake. Nyumbani, mshono ukikosewa, hufumua yeye. Akakata uzi mmoja, akaruka mmoja, akakata mwingine, mpaka upande mmoja wa karatasi mbili za kwanza ukaachia kama mdomo wa mfuko. Akachungulia.

"Kuna nini? Soma!"

Watoto wote walimtazama, kama siku ile darasani. Bi Sindano, aliyekuwa keshaanza kuunga viraka, akasahau kuzungusha gurudumu la cherehani.

"Jo-go-o... a-li-amka... ha-na sauti."

Hakuna aliyecheka. Wangemharakishaje, na anayeona ndani ni yeye peke yake?

"Kwa nini hana?"

"Ngojeni bwana, nafumua!"

Mkutubi akainama amsaidie kusoma. Bi Sindano akamvuta kiuno cha gauni. "Kaa chini, mwanangu. Hapo hatuhitajiki."

Mfuko wa pili, jogoo akaitafuta sauti sokoni. Wa tatu, akaisikia ikiwika ndani ya redio ya kinyozi. Watoto wakabishana atatokaje na redio ya watu, lakini mjukuu hakungoja ubishi. Vidole vilikuwa vinafumua, midomo inasoma, na wala hakukatakata tena maneno.

Wakiondoka, mjukuu aliazima kitabu chembamba rafuni, mwenyewe, bila kuambiwa.

"Bibi, Jumamosi utakosea tena?"

"Mke mwenzangu," bibi akamtania, "kwa kukosea mimi ni bingwa. Tazama njia!"

Hakutazama. Alikuwa anasoma huku anatembea. Bi Sindano akamshika ukosi, akawa anamwelekeza kushoto na kulia, taratibu, kama kitambaa chini ya sindano.