Fulana za Kuchangia Damu

Dobi aliwajua watu wa mtaani kwa nguo zao, na kwa sababu hiyo aliwadharau karibu wote. Alijua shati la nani ni jeupe kifuani tu, kola imekula jasho la wiki nzima. Lakini waliomtia kichefuchefu zaidi ni wenye fulana nyekundu zilizoandikwa "Nimechangia Damu". Kila Jumamosi walizileta zipigwe pasi ili wakajionyeshe mikutanoni, na nyingine hata mikunjo ya pakiti ilikuwa haijaondoka.

Juma hilo hakuwa na hamu ya kucheka na mtu. Mdogo wake, kitinda mimba wao, alikuwa amelazwa, damu ikimtoka puani na kwenye fizi. Daktari alisema anahitaji chembe sahani, zile za kugandisha damu, kabla ya kesho kutwa asubuhi. Akiba haikuwapo, maana chembe hizo hazikai zaidi ya siku chache. Lazima mtu aje, akae kwenye mashine, atolewe.

Basi Dobi akazikamata fulana zote, ili ampate mchangiaji wa kweli. Kila aliyekuja kuchukua yake aliulizwa swali moja: "Ulitolewa mkono gani?"

Mshona viatu alisema wa kulia, huku akishika wa kushoto. Mwalimu alisema yote miwili. Muuza mkaa alisema aliyetoa ni shemeji yake, yeye alipokea fulana kwa niaba. Dobi akawasuta mpaka wakaondoka wamenuna. Hakuna aliyekwenda hospitali.

Mwisho akaja Mwenyekiti wa mtaa, ambaye siku ya kampeni ya kuchangia damu alibeba boksi zima la fulana, nyumba yake ikawa ya wachangiaji kuanzia mama mkwe mpaka mpishi.

"Nipe yangu, dada. Jioni napewa cheti cha uhamasishaji."

"Mkono gani, Mwenyekiti?"

Mwenyekiti akaitazama mikono yake kama ya kuazima. "Mimi nina presha. Kazi yangu kuhamasisha."

"Huna haya! Mdogo wangu anakufa, wewe unataka fulana!"

"Mdogo wako, enhe. Na wewe ulitoa mkono gani?"

Dobi akaikandamiza pasi kwenye shati lililokuwa mezani. Nyani haoni kundule: methali hiyo aliwachapia wengine kila siku. Miaka kumi na moja alikuwa akipiga pasi mbele ya geti la hospitali, na hata siku moja hakuvuka barabara kwenda kutoa damu. Alijiambia kazi zimembana. Shati la watu likaanza kunuka kuungua, naye aibu ikampanda hadi masikioni.

Akachomoa pasi. "Twende, wote wawili. Na kwa kuwa kazi yako kuhamasisha, hamasisha."

Watu walishajaa mlangoni kusikiliza, Mwenyekiti akakosa pa kutorokea. Akaita kwa sauti ya mkutanoni. Mshona viatu akafuata, mwalimu akafuata, muuza mkaa akajikokota nyuma. Hospitalini presha ya Mwenyekiti ilipimwa, ikakutwa nzuri kuliko ya muuguzi mwenyewe.

Aliyekaa kwanza kwenye kiti ni Dobi. Muuguzi akafungua sindano, akamtazama.

"Haya, dada. Mkono gani?"

Nyuma yake wote walinyoosha shingo, wakisubiri kusikia.

"Wowote," Dobi akasema. "Ndiyo mara yangu ya kwanza."