Vidole vya maman pembeni ya foto za watu

Wakuu, salamu toka Bukavu. Kiswahili changu iko cha huku kwetu, mutanivumilia. Ila hii siongezi chumvi, imenipata mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni foto za paspoti. Nafanyia nyumbani, Kadutu. Nyumba yetu iko ya mbao, haina ukuta mweupe, basi mteja anakaa mbele ya shuka. Na upepo wa ziwa munaujua, shuka inaruka tu. Kwa hiyo maman alikuwa anaacha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, anakuja kuishika pembeni mpaka nimalize.

Kisha kwenye kompyuta ninakata pembeni, inabaki sura ya mteja peke yake.

Maman mwenyewe hakupenda kupigwa foto hivi hivi. Wamama wa kwetu hawataki: kwanza aoge, avae kikwembe kipya, asimame wima, meno asionyeshe. Siku moja nilimuvizia anatwanga, jua limepita katikati ya mbao likamuangukia begani. Sijawahi kupiga foto nzuri kama ile. Akaiona, akakasirika kabisa.

"Futa. Unataka watu waseme mama yako hana nguo?"

Nikafuta. Mujinga mimi. Hata kopi sikubakisha.

Maman alipofariki tukatafuta foto ya kuweka kwa kilio. Zote zilikuwa za kikwembe kipya, amekaza uso kama anasubiri kuitwa kwa biro ya mukubwa fulani. Dada yangu akaiangalia ile tuliyochagua.

"Huyu iko maman wa fête, wa sikukuu," akasema. "Mimi namutaka wa nyumbani."

Na mimi namutaka huyo huyo, hadi leo.

Miezi ikapita. Papa mmoja, mteja wa zamani, akarudi. Foto zake zililowa na mvua, anataka nimutolee zingine. Nikafungua zile za mwanzo kabisa, ambazo sijakata.

Pembeni ya shuka kulikuwa na vidole vinne. Vya kijani, vya sombe.

Nikafungua mteja mwingine. Vidole. Mwingine tena, vidole. Nikamuomba yule papa arudi kesho, maana nilikuwa nalia mbele yake bila haya.

Nilizipitia zote, siku tatu. Katika moja tu maman amechungulia aone kama nimemaliza. Kitambaa cha kichwa kimeenda upande, amevaa kikwembe cha kazi, na anacheka meno yote inje, sababu mteja, tonton mumoja munene, alikuwa amefumba macho mara ya tatu.

Ni yeye. Maman wa nyumbani.

Dada anataka tuitoe kubwa, tuitundike salon, pale wageni wanakaa. Mimi mukono unasita. Namusikia kabisa anasema futa.

Nilichojifunza ni hiki: musikate foto zenu haraka. Na yule anayekushikia shuka kila siku, geuza kamera kwake pia, hata akununie wiki nzima.

Sasa nyinyi, ingekuwa maman yenu, mungeitundika? Semeni hapa chini, nasoma zote.

Siku hizi shuka nimeipiga misumari, juu na chini. Upepo hauiwezi tena. Foto zinatoka safi, pembeni sina hata cha kukata.