Vitabu vya Baba Vilivyozamishwa

Arobaini yangu ya uzazi haijesha, baba akafariki. Wakaniambia mzazi hatoki. Nikalilia Chukwani kwa mume wangu, mtoto kifuani, na jeneza likatoka nyumbani kwetu Mji Mkongwe bila ya mimi. Hilo nimelimeza. La vitabu sijalimeza mpaka leo.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alikusanya vitabu vya mashairi vya jalada la ngozi lenye nakshi ya dhahabu, vile vinavyochapwa vichache tu, kila nakala na nambari yake, na mtunzi ametia saini kwa mkono wake. Watunzi aliowapenda ni wazee, saini zao za herufi za Kiarabu. Hakuna aliyevigusa bila ya kunawa mikono na kuikausha. Chini haviwekwi. Akivisomea juu ya marfaa, kile kibao cha kuwekea msahafu. Nikimcheka, hunambia, "Cheka, lakini kanawe."

Mimba yangu ilipokuwa kubwa alinipigia simu, furaha imemjaa. Kapata nakala ya tisa ya kitabu alichokitafuta miaka, na mtunzi kaandika ndani: kwa mjukuu wa fundi, atakayezaliwa. "Ukishatoka arobaini uje ukichukue," akasema.

Ndicho alichomwachia mwanangu. Wenyewe, babu na mjukuu, hawakuonana.

Siku niliyotoka nilikwenda moja kwa moja kabatini kwake. Tupu. Imebaki harufu ya ngozi. Hata shikamoo sikuitoa.

"Shangazi, vitabu vya baba viko wapi?"

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyesafisha nyumba. Akanijibu taratibu: "Mchwa walishaanza kuingia. Nikavifukiza ubani, nikavifunga kwa kitambaa cha bafta nyeupe pamoja na mawe, nikamwomba jirani akavizamishe mbali baharini."

Ndivyo tunavyoistiri misahafu iliyochakaa, isije ikakanyagwa.

"Kwani vile misahafu?"

"Ngozi, dhahabu, na ndani maandishi ya Kiarabu. Na babako havishiki mpaka anawe, miaka yote namwona. Ningejuaje, mwanangu?"

"Mashairi ya mapenzi yale, Shangazi! Mtu anasifu shingo ya mwanamke ukurasa mzima!"

Akajiziba mdomo. "Astaghfirullah. Na mimi nshavisomea Fatiha."

Siku nyingine ningecheka. Siku ile nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Simu unayo, nikamwambia, ungeniuliza!

"Mzazi hasumbuliwi."

Hapo ndipo damu iliponichemka hasa. Kunihifadhi huko! Nimehifadhiwa nisiione maiti ya baba yangu, nimehifadhiwa nisiulizwe juu ya vitabu vyake. Nikamkasirikia na yeye baba. Angevitupatupa kitandani kama watu wengine, vingekuwepo.

Shangazi akaingia chumbani, akatoka na kitabu kimoja. "Hiki nlikuwekea. Hakina maandishi ya mkono."

Nilikijua. Mtunzi wake alifariki hajamaliza kuzitia saini nakala zake, hii ikabaki hivyo hivyo. Baba akikionea haya, akikificha nyuma ya vyenzake. Nikakipokea, nikatoka bila ya kuaga.

Sasa mwanangu anatambaa. Meno ndiyo kwanza yanaota, na pembe ya jalada lile anaitafuna, vidole vimejaa uji. Wifi yangu akiona hunambia, "Mnyang'anye, ataliharibu."

Simnyang'anyi. Wa kumwambia akanawe hayupo.