Kizibao Kisichofuliwa

Karakana yetu ya mtaa wa Doornfontein tulipanga wawili. Upande mmoja nilitengeneza simu. Upande wa pili alishona mama mmoja kutoka Bukavu. Kwake nguo ya mteja hairudi chafu. Ukileta suruali ipunguzwe urefu, utaichukua imefuliwa na kupigwa pasi, utake usitake.

Siku moja akaja mzungu mpana mwenye ndevu za kijivu, kwa pikipiki iliyotikisa vioo vya kabati langu. Aliwahi kuwa askari, kisha kampuni binafsi zikamwajiri kulinda misafara Iraki na migodi mashariki mwa Kongo. Huko ndiko alikookota Kiswahili, karibu chote cha amri.

"Mama, shona hapa," akasema, akiweka mezani kizibao cha jinzi na nembo mpya. "Jumamosi nakuja."

Chama chao cha waendesha pikipiki, wote askari wastaafu, kilikuwa kimemweka kwenye uanagenzi mwaka mzima: kuosha pikipiki za wenzake, kuwachomea nyama, kutumwa bia. Jumamosi wangemkagua kizibao, kisha wampe mkono wa uanachama. Jambo moja hakulisema, kwa kuwa hakudhani lahitaji kusemwa: kizibao hakifuliwi. Vumbi na mafuta ndiyo ushahidi wa safari.

Jumamosi alikikuta kwenye hanga. Alipokileta tulidhani ni cheusi, kumbe bluu. Kilinukia waridi.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nilifula, Papa. Maji ya kwanza ilitoka kama kahawa."

Akaketi kwenye stuli, ikalia. "Watanikataa. Mwaka mzima nimechoma nyama yao."

"Watakukataa juu uko safi?"

"Juu niko safi!"

Nikashauri tukiburute uani. Akanikodolea macho. Kizibao hakigusi ardhi, akasema, isipokuwa mwenyewe yumo ndani.

Tukatazamana. Akakivaa, akatoka, akajilaza palipo na vumbi na mafuta ya magari, akaanza kubingirika.

"Papa, pasi yangu!" Mama akashika kichwa.

Wakati huohuo wenzake wakaingia kumchukua. Ekzosi ya pikipiki ya mbele ikalipuka, paa! kama risasi, nao wakamwona mwenzao chini. Kufumba na kufumbua, wazee wote na vitambi vyao walikuwa kifudifudi. Mwenyekiti wao alijibanza nyuma ya pipa la taka, akipiga kelele, "Kulia! Kulia!" Upande wa kulia alikuwepo muuza nyanya tu. Akawatazama, akasema, "Eish," akaendelea kupanga nyanya zake.

Mlio wa pili ulipokosekana, mwenyekiti akainuka kwa kushikilia pipa. Akamsogelea mwanagenzi, akamnusa.

"Mbona unanukia harusi?" akauliza kwa Kiingereza.

"Fundi wa nguo amekifua."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alivua kofia, kama msibani. Mwenyekiti akamzunguka, akatazama vumbi jipya mgongoni, kisha akawatazama wenzake, ambao wawili walikuwa bado wanasaidiana kusimama.

"Ulilala chini lini?"

"Mapema."

"Kabla ya mlio?"

Mwanagenzi akanitupia jicho. "Kabla."

Mwenyekiti akatikisa kichwa polepole, kwa heshima. "Mwaka mzima tunamchomesha nyama mtu kama huyu," akawaambia wenzake, akampa mkono.

Wakawa wanamkumbatia mmoja mmoja, ndipo Mama alipotokea mlangoni na brashi ya nguo.

"Papa, geuka kidogo."

Mtu aliyelinda migodi ya Kongo akaikimbilia pikipiki yake.