Salamu za Jumatatu

Nilimwita mtu mwongo kwenye simu iliyofunguliwa spika, mbele ya madereva watatu na mama mmoja aliyekuja kutoa kopi. Nimejaribu kulisimulia jambo hili nikianzia mahali pengine, lakini kila nikianzia kwingine najikuta natafuta pa kujificha. Basi naanzia hapo.

Ofisi yetu iko Tunduma, upande wa barabara ya kwenda Mpemba, na kazi yetu ni kuandaa nyaraka za mizigo inayovuka kwenda Zambia. Mimi ndiye ninayeshika barua pepe. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kuna wakala mwenzetu anayezipokea nyaraka hizo ili lori lipite. Karani wao alikuwa mwanamke niliyemjua kwa sauti tu. Kutoka mezani kwangu hadi mezani kwake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, ukiondoa foleni ya kugonga muhuri, lakini tulikuwa hatujawahi kuonana.

Mimi ni mtu wa Ileje, milimani, ambako ukimpita mtu analima bila kumsalimu, habari inafika kwa mama yako kabla yako. Nilikua nikiamini kwamba salamu haiwezi kumdhuru mtu. Ndiyo maana nilipokabidhiwa barua pepe za ofisi nikaanzisha jambo langu: kila Jumatatu asubuhi, salamu kwa wote. Mstari mmoja wa Biblia, maneno ya kuwatakia wiki njema, na jina la ofisi chini. Anwani nilizitoa kwenye kitabu cha wageni. Kila aliyewahi kukanyaga kwetu alikuwa ameandika humo, hata waliokuja kuomba choo. Pale mwandiko uliponishinda, nilikisia. Bosi alinisifu kwenye kikao, akasema huyu binti amelelewa, nami nikavimba kichwa.

Kila Jumatatu, baada ya salamu kutoka, barua nyingi zilinirudia na taarifa za mtambo kwamba hazikupokelewa. Zilikuwa za Kiingereza kirefu chenye namba katikati, na mimi sikutaka kuzisoma. Kusema kweli ziliniudhi. Kwetu mtu akikataa salamu yako amekutukana, na hapa nilikuwa natukanwa na kundi zima kabla ya chai. Kwa hiyo nikaiagiza kompyuta kwamba barua yoyote inayorudi iende moja kwa moja kwenye taka, nisiione. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Kikasha changu kikawa safi na mimi nikawa na amani.

Halafu likaja lori la mbolea. Dereva wake alikuwa mtu mzima, mpole, na kila asubuhi alikuja kusimama mbele ya meza yangu kuuliza kama nyaraka zimekwenda. Nikamwambia zimekwenda tangu juzi. Akavuka kwa miguu kwenda kuuliza, akarudi akasema ng'ambo hawajaona kitu. Nikaona ananifanya mimi ndiye mzembe. Nikapiga simu, nikafungua spika makusudi, ili asikie mwenyewe.

"Dada, bado hazijaingia," alisema yule karani. "Nimeangalia mpaka kwenye taka. Naomba utume tena, bamayo."

Bamayo ni neno lao la heshima, la kumwita mwanamke kama mama yako. Aliniita hivyo, na mimi nilikuwa nimeshatuma mara tatu.

"Wewe ni mwongo," nikasema. "Umezembea, sasa unatafuta wa kumtupia. Watu kama wewe ndio mnaowalaza madereva barabarani."

Mara ikaja sauti ya mwanamume, meneja wake, ikasema ahsante, tumesikia. Nao walikuwa wamefungua spika, kwa ajili ya wateja wao. Dereva wangu akaangalia sakafu. Jioni ile alichukua nakala mkononi, akavuka nazo mwenyewe.

Baada ya siku mbili bosi akaniletea habari kama zawadi: yule karani amesimamishwa kazi. Alikuwa ameshapewa onyo kwa nyaraka nyingine zilizochelewa, na sasa meneja wake amejisikilizia mwenyewe malalamiko. Naandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilifurahi. Mchana nilijinunulia soda.

Karani mpya hakumaliza wiki kabla ya kupiga simu kwamba hapati chochote kutoka kwetu. Nikamwambia aangalie vizuri. Wakafuata wateja wengine wawili wa Zambia, wenye lalamiko lilelile. Hapo bosi akamwita fundi wa mtandao kutoka Vwawa.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Swali lake la kwanza lilikuwa barua zinazorudi tunaziweka wapi. Nikajibu hakuna zinazorudi. Akafungua taka, na zikateremka kwenye kioo mpaka akachoka kuzisogeza. Akatafuta anwani ya yule mwanamke wa Nakonde. Zilikuwepo zote tatu za lori la mbolea, kila moja imerudi ndani ya dakika ileile niliyoituma. Akatusomea kwa Kiswahili: barua hii imekataliwa kwa sababu mtumaji ana sifa mbaya. Nilikuwa nimeambiwa mara tatu kabla sijanyanyua simu. Na zilikuwepo za nyuma pia, zile zilizompatia onyo lake la kwanza.

Bosi akauliza ni nani aliyeamuru ziende taka. Nikasema labda kompyuta inafanya yenyewe. Fundi akanitazama mara moja, akarudi kwenye kazi yake. Jina langu lilikuwa pale mbele yake, juu ya lile agizo, na siku niliyoliweka. Hakusema. Nilitamani aseme, maana kunyamaza kwake kulinivua nguo zaidi.

Alitueleza taratibu. Barua pepe hupokelewa kwa kuangaliwa sifa ya jina la mtumaji, na jina letu tulikuwa tumelichafua wenyewe. "Kila Jumatatu mnapiga hodi kwenye nyumba ambazo hazina watu," alisema. "Zenye watu nazo, wengine wameshawashitaki kwamba mnawasumbua. Mtaa mzima umeanza kuwafungia mlango." Tena hatukuwa tumeweka uthibitisho wa kuonyesha ni mitambo ipi inaruhusiwa kutuma kwa jina letu, kwa hiyo hata barua za kweli zilionekana za matapeli. Huo uthibitisho aliuweka yeye, pamoja na saini ya siri inayoambatana na kila barua. Mimi akanipa orodha ya salamu. Niliambiwa nifute kila anwani iliyokufa, na waliobaki niwaulize kama wanataka kuandikiwa.

Nikaanza kuwapigia, maana kitabu kilikuwa na namba za simu pia. Wengi hawakunikumbuka. Mwanamke mmoja alipokea simu ya mumewe, akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia mwenye anwani hiyo alishazikwa. Simu yake ameitunza yeye kwa sababu ya picha, na kila Jumatatu anaona sisi tunamtakia marehemu wiki njema. Hakuwa mkali. Alisema tu, "Sikujua salamu zenu zinazimwa wapi."

Nilifunga kitabu. Nikaenda kwa bosi nikamwambia agizo la taka ni langu, na kwamba yule karani wa Nakonde hakuwahi kusema uongo. Alinigombeza nilivyostahili. Nikachapa zile barua zilizorudi, nikavuka mpaka.

Meneja wa ng'ambo alizisoma zote akiwa amesimama. Nilikuwa nimeandika na barua ya kuomba radhi, nzuri, yenye muhuri wa ofisi. Akaiweka kando.

"Siku ile ulisema watu wakisikia," aliniambia. "Watu hawa hapa."

Kulikuwa na kama watu kumi kwenye mabenchi. Nikasema. Nilisema kwamba nyaraka hazikufika kwa kosa langu, kwamba nilizificha barua zilizonionya, na kwamba aliyekuwa mwongo ni mimi. Mama mmoja akawatafsiria kwa Kibemba wale ambao hawakunielewa, kwa maneno manne au matano tu, na nikashangaa kwamba ubaya wangu ni mfupi kiasi kile. Yule karani hakuwepo. Nilikuwa nimeomba aitwe, na niliposikia hatakuja nilishukuru, jambo ambalo nalo ni aibu.

Alirudishwa mezani kwake wiki iliyofuata. Sifa ya jina letu ilichukua muda mrefu zaidi, tukituma kidogo kidogo kwa wanaotuhitaji, hadi nyaraka zikaanza kupita. Barua ya kwanza iliyopita kwenda kwake niliiandika nusu siku. Nilimsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani na za watoto kama anao, nikamwomba msamaha, na mwisho kabisa nikaambatisha nyaraka za lori.

Jibu lilikuja kabla sijainuka kitini: "Imefika."

Ni hilo tu. Ndivyo anavyonijibu hadi leo, kwa kila lori, bila kuchelewa hata mara moja. Nasoma neno lake moja, na pale juu, mahali ambapo mtu huweka salamu, hajaandika kitu.