Nilivyofunga Grupu Huku Mzee Akiwa Relini

Leo nimefunga grupu la WhatsApp la kijiji, na nusura nimuue mtu.

Asubuhi Mama Zuhura aliandika kwamba baba yake, Mzee Mhina, katoka nyumbani hapa Mnyuzi na haonekani. Kumbukumbu zake siku hizi zinakuja na kuondoka.

Watu wakaanza vizuri. Pole, mama. Alivaa nini?

Halafu mmoja akauliza, huyu mzee si alikuwa mtu wa reli zamani? Basi! Wote wakahamia kwenye treni. Mara machungwa ya stesheni, mara nani alizaliwa ndani ya behewa. Mama wa watu akasahaulika.

Nikaonya. Wakacheka.

Nikafunga. Admin pekee ndiye aandike. Kimya! Nikajiona mkuu wa wilaya.

Inbox ikaanza kulia. Nikajua ni walalamikaji, sikufungua hata moja.

Mpaka Lekule, mfugaji wa ng'ambo ya reli, akapiga simu akihema: "Wewe admin, mbona husomi? Mzee kakaa katikati ya reli, nikimgusa ananirushia fimbo, anamtaka binti yake. Na treni ya mizigo nimeshaisikia!"

Tuliruka kwenye bodaboda, mimi na Mama Zuhura.

"Shikamoo baba. Twende," binti akamwambia.

Akainuka palepale. Treni ikapita tumesimama pembeni.

Grupu nimefungua. Swali la kwanza: "Jamani, ile treni ya abiria ilikuwa inafika saa ngapi?"

Anayejibu ni Mzee Mhina mwenyewe, kwa ujumbe wa sauti, kwenye simu ya bintiye. Mpaka sasa hajamaliza.

Mwenye ubavu wa kumkatisha, nampa uadmin.